Chandler, Barco au Hernandez? Chipukizi watatu wa kichuguu cha Pittsburgh kuelekea 2026

Pittsburgh Pirates walimaliza msimu wa 2025 wakiwa wameshinda mechi 71 na kupoteza 91. Hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli iliyofunga pointi chache kuliko 583 zao. Warushaji wao, yaani wale wanaosimama kwenye kichuguu na kumrushia mpigaji mpira, kwa upande mwingine, walikuwa miongoni mwa bora kabisa, na kipimo cha kituko hicho ni Paul Skenes: alitwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, kwa kura zote, wastani wake wa kufungwa ukiwa 1.97, halafu rekodi yake ikasoma ushindi 10 na vipigo 10. Wastani wa kufungwa ni pointi anazoruhusu mrushaji kwa kosa lake mwenyewe, si la wadakaji walio nyuma yake, zikipigiwa hesabu kwa kila iningi tisa, yaani mechi kamili, iningi moja ikiwa zamu moja ya kupiga kwa kila timu. Kwa hiyo anayekuletea ubishi wa "huyu kashinda ngapi" mwambie akae kwanza.

Nafasi za mwanzo kwenye mzunguko wa warushaji watano wanaopokezana kuanza mechi zina wenyewe: Skenes, Mitch Keller, na Braxton Ashcraft aliyefungwa wastani wa 2.71 katika iningi 69 na ushei za mwaka wake wa kwanza. Mjadala uko baada ya hapo. Majina matatu yanatajwa kila mahali, na watu wanayalinganisha kana kwamba watatu hawa wanagombea kiti kimoja. Hawagombei. Anayeuliza "nani bora" bila kusema bora kwa kazi gani na kwa mwezi gani atabishana mpaka Juni bila jibu.

Kwa haraka, wako hivi (drafti ni mgawo wa kila mwaka wa wachezaji wapya kwa timu; slaida ni mpira unaojipinda pembeni, splita hudondoka ghafla mbele ya mpigaji, na chenjiapu hurushwa kama mpira wa kasi lakini huchelewa kufika):

| | Bubba Chandler | Hunter Barco | Seth Hernandez |
|---|---|---|---|
| Mkono | kulia | kushoto | kulia |
| Alikotoka | sekondari, Georgia, drafti ya 2021 | Chuo Kikuu cha Florida, drafti ya 2022 | sekondari, California, drafti ya 2025 |
| Iningi za 2025 | 131 hivi | 100 hivi | hakuna, baada ya kusajiliwa |
| Silaha kuu | mpira wa kasi | slaida na splita | chenjiapu |
| Ligi kuu | mechi 7 | mechi 2 fupi | bado |

Kasi si hoja peke yake

Chandler anarusha mpira wa kasi unaokaribia maili 99 kwa saa, yaani kilomita 159, kwa wastani. Wastani si ile moja ya kuonyesha ubabe. Kutoka kichuguu hadi besi ya nyumbani ni mita 18.44, na kwa kasi hiyo mpigaji ana takriban sekunde 0.4 za kuona, kuamua na kuzungusha gongo. Wastani wa ligi nzima ni maili 94 hivi. Barco yuko chini ya wastani huo. Hernandez aliwahi kugusa 100 akiwa bado mwanafunzi.

Ukiishia hapo umeshachagua, na pengine umechagua vibaya. Angalia yaliyowatokea Skenes na Jared Jones, warushaji wawili waliokuwa kwenye mdomo wa kila shabiki wa Pittsburgh Machi 2024.

Skenes alikuja na kila sifa: wa kwanza kabisa kwenye drafti ya 2023, bonasi ya dola milioni 9.2, wapigaji 209 aliowatoa kwa straiki tatu (straiki ni mpira ambao mpigaji aliukosa, au aliuacha upite ndani ya eneo halali) katika msimu mmoja akiwa na LSU, Chuo Kikuu cha Louisiana State. Hata hivyo wachunguzi walikuwa na lalamiko la haki: mpira wake wa kasi ulikuwa na mwendo ambao macho ya mpigaji mzuri yanauzoea. Haukupanda sana, haukuzama sana. Alipoanza kutumia splinka, mpira ulio kati ya splita na sinka (mpira wa kasi unaozama), unaokuja kwa maili 94 hivi halafu unadondoka ghafla, lalamiko likafa. Mpigaji sasa ana mipira miwili inayotoka mkononi sawasawa, mmoja unafika kifuani na mwingine unafika gotini. Alimaliza 2024 akiwa Chipukizi Bora wa National League, moja ya nusu mbili za ligi kuu, wastani 1.96.

Jones alikuwa na kasi karibu hiyohiyo, maili 97, na slaida kali mno. Mechi yake ya kwanza, Miami, tarehe 30 Machi 2024, aliwatoa wapigaji 10 kwa straiki. Lakini mipira hiyo miwili pekee ilikuwa zaidi ya asilimia 80 ya kila alichorusha. Wapigaji wa ligi kuu hawahitaji zaidi ya mizunguko michache kuligundua hilo. Anayeona mipira miwili tu anakisia nusu kwa nusu, na mara ya tatu anapokutana na mrushaji yuleyule usiku huohuo, makisio yanaanza kulipa. Jones alimaliza na wastani wa 4.14, akaumia msuli wa mgongo Julai, na Mei 2025 akafanyiwa upasuaji wa kiwiko. Wala si mrushaji mbaya, akirudi mzima nafasi yake ipo. Ila tofauti yake na Skenes mwaka ule haikuwa kasi. Ilikuwa mpira wa tatu.

Basi kigezo cha kwanza cha ulinganisho wetu kiwe hiki: mrushaji ana nini dhidi ya mpigaji wa mkono wa pili? Kwa mrushaji wa kulia, tatizo ni mpigaji wa kushoto. Huyo anauona mpira mapema zaidi tangu unapotoka mkononi, na slaida inajipinda kumfuata badala ya kumkimbia. Anahitaji mpira unaokwenda upande mwingine na unaochelewa kufika.

Hapo ndipo Chandler anapomzidi Jones wa 2024. Chenjiapu yake ni halisi. Inatoka kwa mkono uleule, kwa nguvu ileile, halafu inafika ikiwa na upungufu wa maili saba hivi na kuanguka kuelekea upande wa mkono wake, mbali na gongo la mashoto. Pamoja na slaida na mpira wa kupinda anafikisha minne. Si yote iko kwenye kiwango kimoja, na mpira wa kupinda bado ni wa kubadilisha ladha tu, lakini mpigaji hawezi kuupuuza.

Hernandez naye ana chenjiapu ambayo wengi waliiona bora kuliko zote katika drafti yake, jambo la nadra sana kwa kijana wa sekondari. Vijana wengi wenye kasi hawajifunzi chenjiapu kwa sababu hawaihitaji: wapigaji wa umri wao hawafikii mpira wa kasi, kwa hiyo kupunguza kasi ni kuwafanyia hisani. Hernandez aliifanyia kazi chenjiapu hata hivyo. Hilo linanifanya nimwamini zaidi kuliko namba zake za sekondari, ambako aliwatoa kwa straiki zaidi ya 100 katika iningi zisizofika 60. Namba za sekondari hazina mizani.

Barco na uwanja wa PNC Park

Barco ni mashoto mwenye mkono unaotokea chini, karibu na ubavuni. Kwa mpigaji mashoto mwenzake mpira unaonekana kutokea nyuma ya mgongo, ndiyo maana slaida yake inawatesa. Lakini makocha wa timu pinzani si wajinga. Wakisikia Barco anaanza, wanajaza wapigaji wa kulia sita, saba, hata wanane. Dhidi ya hao kazi yote inaangukia splita. Siku splita inapodondoka chini ya goti, anapita iningi tano kama anatembea ufukweni. Siku isipodondoka, inabaki kuwa mpira wa taratibu katikati ya eneo la straiki, na huo hupotelea majukwaani.

Kuna jambo moja ambalo mashabiki wanaoangalia namba tu hulisahau, nalo ni umbo la uwanja. PNC Park upande wa kulia ni mfupi, futi 320 kwenye mstari, ingawa umewekewa ukuta wa futi 21 kwa heshima ya Roberto Clemente aliyevaa jezi namba 21. Upande wa kushoto unapanuka mpaka kwenye kona ya futi 410, karibu mita 125. Mpigaji wa kulia anapovuta mpira kwa nguvu zake zote, anaupeleka kwenye shimo hilo. Mipira ambayo ingekuwa homurani, yaani ingevuka ukuta, kwenye viwanja vingi inaishia kwenye glavu. Na nani anawakabili wapigaji wengi wa kulia kuliko wote? Mrushaji mashoto. Kwa hiyo Barco yuleyule, kwa kasi ileile, ana thamani kubwa zaidi akiwa Pittsburgh kuliko angekuwa kwenye uwanja mdogo. Katika mechi za nyumbani ningempa nafasi kabla ya mrushaji wa kulia mwenye kiwango sawa naye, bila kusita.

Mwaka 2025 alianza Altoona, ngazi ya Double-A, bila kufungwa hata pointi moja ya kwake kabla ya kupandishwa Indianapolis, ngazi ya Triple-A, hatua moja chini ya ligi kuu. Huko juu besi za bure, anazopewa mpigaji akirushiwa mipira minne nje ya eneo la straiki, zikaongezeka. Si ajabu, kwa sababu wapigaji wa Triple-A wanaiacha splita ipite. Wanasubiri. Mrushaji ambaye silaha yake inamalizikia nje ya eneo la straiki lazima kwanza arushe straiki mbili kwa mpira wa kasi, na wa Barco hauna nguvu ya kumsamehe akikosea mahali.

Tahadhari nyingine hapa ni ya upande ule mwingine, wale wanaosema "kasi haina maana, kinachotakiwa ni usahihi." Thomas Harrington alikuwa mfano wao. Msimu wa 2024 alicheza ligi ndogo kwa usahihi wa fundi saa, wastani chini ya 3. Aprili 2025 akapewa ligi kuu, na katika mechi tatu wastani wake ukavuka 15. Mpira wa maili 91 au 92 ukikosa mahali kwa upana wa kiganja unaadhibiwa. Wa maili 99 ukikosa vilevile, mara nyingi mpigaji anaugonga vibaya tu.

Besi za bure: namba ya Chandler inayochanganya watu

Katika iningi 100 za Indianapolis mwaka 2025, Chandler alitoa besi za bure zaidi ya 50, karibu asilimia 12 ya wapigaji aliokutana nao. Wastani wa ligi kuu ni asilimia 8 na kidogo. Akapandishwa Agosti 22, akamaliza mechi ile ya kwanza kwa iningi nne bila kufungwa dhidi ya Colorado, na hadi mwisho wa msimu akatoa besi za bure nne katika iningi 31. Ni mtu yuleyule, mpira uleule, mwezi mmoja baadaye. Lipi la kuamini?

Mimi sisomi ile nne kama ndiyo Chandler halisi, wala ile 50. Sababu moja ni mfumo. Triple-A walikuwa tayari wanatumia mashine ya kukagua straiki kwa rufaa, na eneo lake ni kali: juu linaishia asilimia 53.5 ya urefu wa mpigaji, chini asilimia 27. Mpira wa kasi wa juu, ambao ndio chakula cha Chandler, ndio unaopoteza straiki nyingi chini ya mfumo huo. Alipofika ligi kuu 2025, refa alikuwa bado anaamua peke yake na mipaka ya juu ilikuwa na ukarimu kidogo.

Msimu wa 2026 mfumo wa rufaa unaingia ligi kuu. Kila timu ina rufaa mbili, na ikishinda rufaa inabaki nayo. Wanaoruhusiwa kuomba ni mpigaji, mdakaji aliye nyuma yake na mrushaji tu, papo hapo, bila kuangalia benchi. Kwa hiyo ukarimu ule wa Agosti haupo tena kwa ukamilifu. Sababu ya pili ni tabia: Indianapolis alianza kwa moto, akangojea kuitwa, hakuitwa, na katikati ya mwaka akayumba na kuanza kutafuta pembeni badala ya kupita katikati. Hilo linarekebishika na alilirekebisha. Matarajio ya haki kwa 2026 ni asilimia 7 hadi 9. Akikaa humo, kwa kasi ile, ni mrushaji wa pili wa timu yoyote.

Mkono una bajeti

Hapa ndipo mijadala mingi inaharibika, kwa sababu watu wanapanga mzunguko wa Aprili bila kuuliza nani atakuwa hai Septemba.

Mrushaji wa kuanza akicheza msimu mzima anarusha iningi 160 hadi 180. Timu nyingi huongeza mzigo kwa hatua, iningi 20 hadi 30 juu ya mwaka uliopita, maana uchovu ndio unaobadilisha pembe ya kiwiko na kuiumiza kano. Chandler alirusha 119 mwaka 2024, kisha 131. Kwa hiyo 155 ni haki yake, na 160 si uzembe. Barco, ambaye alishafanyiwa upasuaji wa Tommy John, wa kurekebisha kano ya kiwiko, mwaka 2022 akiwa bado chuoni, amefika 100 mara moja tu. Bajeti yake ni 120 au 130. Ukimpa nafasi ya tano tangu siku ya kwanza na kumtaka afike iningi sita kila mechi, mwezi Agosti utamkosa.

Hernandez hana msingi wowote wa kitaalamu. Hakurusha hata mpira mmoja rasmi baada ya drafti, na hilo lilikuwa sawa. Kwake 2026 ni iningi 80, pengine pungufu, nyingi zikiwa katika ngazi za chini kama Bradenton.

Anayemtaka Hernandez Pittsburgh mwaka huu aangalie historia ya klabu yenyewe. Gerrit Cole alichukuliwa wa kwanza mwaka 2011 kutoka UCLA, akafika ligi kuu Juni 2013. Skenes kutoka LSU alihitaji miezi kumi. Jameson Taillon, kijana wa sekondari kutoka Texas, alichukuliwa wa pili mwaka 2010 na akafika Juni 2016, kiwiko kikiwa kimeshapasuliwa njiani. Pirates waliweka dola milioni 7.25 kwa Hernandez baada ya kumchukua wa sita. Pesa hiyo si ya 2026.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kufuatilia ngazi hizo za chini: David Matoma, mrushaji wa kulia kutoka Uganda mwenye mpira wa kasi unaofika maili za juu ya 95, alisajiliwa na Pirates mwaka 2023. Hayumo katika ulinganisho huu kwa sababu bado ana safari, lakini klabu hii ndiyo iliyompa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini nafasi ya kuwa Mwafrika wa kwanza katika ligi kuu, Aprili 2017.

Kalenda nayo inachagua

Siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu zinahesabika kuwa mwaka mmoja wa utumishi, na mchezaji anakuwa huru baada ya miaka sita. Timu ikimweka chipukizi ligi ndogo wiki mbili tatu za mwanzo, anakosa zile 172, na timu inammiliki mwaka wa ziada. Ndiyo maana mtu aliyeiva anaonekana Indianapolis mwezi Aprili akiambiwa "aboreshe kidogo."

Kwa Chandler hesabu inaelekea upande mwingine. Tangu Agosti 22 hadi mwisho wa msimu alipata siku 38 na iningi 31. Mpaka wa kuendelea kuhesabika chipukizi ni siku 45 na iningi 50, na mpaka wa zawadi ya drafti ni siku 60. Amebaki ndani ya yote. Maana yake, akianza na timu siku ya kwanza, akamaliza mwaka na kutwaa Chipukizi Bora, Pirates wanapewa nafasi ya ziada kwenye drafti. Wakimchelewesha, wanaipoteza. Waliipoteza kwa Skenes: walimwita Mei 11, 2024, akashinda tuzo, sheria ikampa mwaka mzima wa utumishi kama zawadi ya mshindi, na klabu ikabaki bila mwaka wa ziada wala drafti. Sitegemei warudie kosa hilo.

Barco ni rahisi kupandishwa na kushushwa. Ana miaka yake yote mitatu ya kurudishwa ligi ndogo bila kupitia timu nyingine, ila mrushaji akishushwa lazima akae huko siku 15, isipokuwa kama anaziba nafasi ya majeruhi. Kocha asiyepanga hilo mapema anajikuta Jumamosi hana mtu wa kuanza.

Kwa hiyo umchague nani

Kama swali ni nani aanze msimu: Chandler, nafasi ya tatu au ya nne, bila mjadala. Kama unacheza fantasi (mchezo wa kuchagua wachezaji halisi na kushindana kwa takwimu zao) ya mwaka mmoja, naye ndiye, ila lipa bei ya mtu wa wastani 3.70, si ya Skenes wa pili.

Nafasi ya tano mpe Barco mpaka Jones apone, lakini mtumie kwa akili: iningi nne au tano, mizunguko miwili ya wapigaji, mechi za nyumbani kwanza, halafu kuanzia Juni mpeleke kwa warushaji wa akiba ili zile 125 zimfikishe Septemba. Hernandez ni wa ligi zile ambazo unamshikilia mchezaji kwa miaka mingi. Humo ningemchukua mbele ya Barco, kwa sababu dari yake ni ya juu zaidi, mradi unaweza kungojea mpaka 2028 bila kumtumia na ukikubali kwamba kiwiko cha kijana wa miaka 19 anayerusha maili 100 hakina dhamana.

Mechi za maandalizi kule Bradenton zisikudanganye kwa matokeo. Machi mrushaji anaweza kufungwa pointi tano kwa sababu ameamua kurusha slaida tu siku hiyo, na nusu ya wapigaji anaokutana nao watakuwa Double-A wiki ijayo. Angalia vitu vitatu. Kwa Chandler, hesabu mara ngapi mpira wa kwanza kwa kila mpigaji ni straiki: ukiwa zaidi ya 6 kati ya 10, yuko tayari. Kwa Barco, tazama wapigaji wa kulia wanafanya nini na splita wakiwa wameshapata straiki mbili, wanaifukuza au wanaiacha ipite. Na kwa yeyote kati yao, linganisha kasi ya iningi ya kwanza na ya nne. Ikishuka maili moja ni uchovu wa kawaida wa Machi. Ikishuka tatu, na mipira ikaanza kupaa upande wa mkono wake, kocha anapaswa kuwa ameshatoka benchi.